Kibra ni Mji, si Mabati Tu

Mtu wa pwani akitajiwa Kibera, mambo ya kwanza yamjiayo akilini ni mabati yaliyosongamana, mitaro ya maji machafu na vishindo vya wakati wa uchaguzi. Hatumlaumu, kwani ndivyo aonyeshwavyo kila siku. Mgeni wa Ulaya akija Nairobi hupelekwa huko kwa gari, akateremka na kamera yake, akapiga picha watoto walio pekupeku, kisha akarudi hotelini kwake na kwenda kuwahadithia wenzake kwamba ameiona Afrika. Katika picha zote hizo hutauona msikiti wa Makina. Hutayaona makaburi ya Waislamu, wala hutamwona mama wa Kinubi akisuka tabaga barazani kwake. Na huko ndiko mji ulikoanzia.

Twasema mji makusudi. Kwa desturi yetu ya pwani mji si wingi wa nyumba. Mji ni msikiti, ni chuo cha watoto, ni mahali pa kuzikia, ni wazee wajuao nani ni mtoto wa nani. Kwa kipimo hicho, pale kiasi cha kilomita 5 kusini-magharibi ya katikati ya Nairobi, palikuwa na mji wa Kiislamu tangu mji mkuu wenyewe ulipokuwa ungali mahema na karakana ya reli. Jina lake ni Kibra. Neno hili ni la Kinubi, na maana yake ni msitu au kichaka. Makarani wa Kizungu walipoliandika wakalitia herufi isiyokuwamo, likawa Kibera, na Kibera likaandikwa kwenye ramani. Wenyewe hawakuliacha la kwao, na mwaka 2013, eneo la uchaguzi lilipokatwa kutoka Lang'ata, likapewa jina la Kibra. Ni jambo dogo, lakini kwa wazee wa Makina halikuwa dogo hata kidogo.

Wanubi ni watu gani? Swali hili huulizwa kwa ulimi ule ule unaotuuliza sisi Mswahili ni nani, na jawabu lake lafanana. Si watu wa damu moja, na wala asili yao haikutoka katika ile Nubia ya kale peke yake. Babu zao walikuwa askari wa jeshi la Misri katika jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudani, waliotoka katika makabila mengi: Wabari, Wamoru, Walendu, Waaluri, Wadinka na wengineo. Gavana wao alikuwa Emin Pasha, Mjerumani aliyeitwa Eduard Schnitzer kwa jina lake la kuzaliwa. Al-Mahdi alipoinuka mwaka 1881 na Khartoum ikaanguka mwaka 1885, jimbo lile likakatika na dunia. Stanley akaja kumwokoa Emin Pasha, wakashuka pamoja hadi Bagamoyo mwaka 1889. Askari wengi hawakuokolewa na mtu. Wakabaki karibu na Ziwa Albert pamoja na wake zao, watoto wao na bendera ya Misri, mpaka Kapteni Lugard alipowafuata mwaka 1891 akawaandika kuitumikia Kampuni ya Waingereza.

Hapo ndipo safari yao ya kuja kwetu ilipoanza. Kutoka Uganda wakaletwa Kenya, na jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, wao walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Ndio waliopigana vita vya Mwingereza, vingine dhidi ya watu wa nchi hii hii, jambo ambalo historia haitaki lifichwe wala lisitumiwe kumhukumu mjukuu. Kilichowaunganisha watu hao wa asili mbalimbali kilikuwa dini, kambi, na lugha ya Kiarabu cha askari, ambayo kwa muda ikageuka ikawa Kinubi.

Msomaji aliyesoma chuoni akikisikiliza Kinubi kwa mara ya kwanza hufikiri anakijua, kisha kikamponyoka. Mnubi husema ana akikusudia "mimi", na nyumba huiita be, na hapo twamwelewa kwa kuwa bayti ni bayti. Lakini akisema moyo, usidhani anakueleza mahaba, anataka maji. Ni Kiarabu kilichovuliwa joho lake la sarufi kikavishwa nguo za safari, na chapendeza kusikika. Wataalamu wa lugha wa ng'ambo wamekitungia vitabu. Sisi tulio jirani, na ambao lugha yetu nayo imekula chumvi ya Kiarabu kwa karne nyingi, hatujakishughulikia ipasavyo.

Basi askari hao walipozeeka, Serikali ya kikoloni ilikuwa na shida ya kuwapa pensheni, na ilikuwa haina nia ya kuwarudisha Sudani. Kuanzia kiasi cha mwaka 1904 wakaruhusiwa kukaa kwenye msitu uliokuwa nje ya Nairobi, karibu na kambi, ili wawe karibu wakihitajiwa na watoto wao wakue wawe askari. Ardhi hiyo ikapimwa, ikawa ekari 4,197, na mwaka 1918 ikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Askari aliyemaliza utumishi wake alipewa kibali kilichoitwa shamba pasi, kikimruhusu kujenga, kulima na kufuga. Wakafyeka msitu, wakapanda mahindi, wakaweka ng'ombe, wakajenga nyumba za udongo na fito zenye ua mpana na miti ya kivuli. Mtu mzima wa Kibra atakuambia kuwa katika utoto wake alikuwa akitoka nyumba hadi nyumba kwa kupita mashambani.

Shamba pasi ilikuwa karatasi, lakini haikuwa hati ya kumiliki. Hilo msomaji alishike, maana tutalirudia.

Tutembee kidogo ndani ya mji. Alama zake kubwa ni majina. Watu walikaa kwa makundi kama walivyokaa jeshini, na kila kundi likaitwa kambi: Kambi Muru, Kambi Lendu, Kambi Aluru. Ukiyasoma majina haya kwa utaratibu unasoma ramani ya Sudani ya kusini, ya kaskazini mwa Uganda na ya mashariki mwa Kongo, imekunjwa ikawekwa katika kijiji kimoja cha Nairobi. Kisha kuna Lindi, jina lile lile la mji wa pwani ya kusini ya Tanzania, nchi ambako King's African Rifles walipigana na Wajerumani vita vikali mwaka 1917, hasa pale Mahiwa. Laini Saba nayo haihusiani na hesabu kama wengi wadhanivyo. Wazee husema ilikuwa laini ya shabaha, mahali pa kufundishia askari kupiga bunduki, na ulimi wa watu ukaifupisha shabaha ikawa saba. Mtu apitaye leo kwenye vichochoro vya Laini Saba, penye vibanda vya mkaa na vinyozi, anakanyaga uwanja wa risasi.

Makina ndiyo moyo wa mji, na sasa twakusudia moyo kwa Kiswahili. Hapo ndipo ulipo msikiti, na hapo Ijumaa utawaona wazee wa kanzu nyeupe wakifika mapema, kila mmoja akijua nafasi yake ya safu kama alivyojua babu yake. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, harufu ya jioni ya Makina haina tofauti kubwa na ya Mji wa Kale. Wanawake wa Kinubi huvaa gurbaba, nguo yao ya kujifunga yenye rangi za kukoza, na katika harusi hupiga ngoma ya doluka ambayo mwanamume hutazama kwa mbali na kwa adabu. Kazi yao ya mikono ni tabaga. Twaweza kulieleza neno hili kwa urahisi kwa mtu wa Lamu au wa Pate: ni kawa. Ni kile kifuniko cha chakula kisukwacho kwa ustadi, ila la kwetu ni la ukindu na la kwao limejaa rangi nyekundu, manjano na kijani, kwa duara zilizopangwa hata jicho likazunguka. Ukutani mwa nyumba ya Kinubi tabaga hutundikwa kama sisi tulivyokuwa tukitundika sahani za Kichina.

Mbele kidogo yako makaburi. Hatutasema mengi juu yake, ila kwamba hapo wamelala wanajeshi wa vita viwili vikuu vya dunia, watu waliopelekwa Tanganyika, Habeshi na Burma, na kwamba mji ambao watu wake wamezikwa hapo kwa zaidi ya vizazi vitatu hauwezi kuitwa kituo cha wapitaji. Upande wa kusini kuna bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, ambapo zamani watu wenye nafasi walikuwa wakicheza na mashua za tanga. Leo limejaa magugu na taka. Reli ielekeayo Kisumu inakata katikati ya mji, na imefanywa njia ya miguu, soko na kiwanja cha mazungumzo, mpaka gari-moshi lipigapo honi ndipo watu husogea.

Na lipo jina moja litakalomshtua mtu wa Mombasa. Kibera kuna mtaa uitwao Fort Jesus. Ni mtaa wa nyumba za mawe uliojengwa katika ardhi iliyokuwa ya mashamba ya Wanubi, pamoja na mitaa mingine mizuri kama Ayany, Olympic na Jamhuri. Kila mtaa ulipojengwa, mji wa wazee ulirudi nyuma. Nyumba hizo zilikaliwa na watu wa kazi za ofisini, na mwenye shamba akabaki akitazama kutoka ng'ambo ya ua wa seng'enge.

Sasa turudi kwenye karatasi.

Mkoloni aligawanya nchi kwa makabila. Kila kabila likapewa hifadhi yake, na asiyekuwa na hifadhi hakuwa na kwao. Mnubi hakuwa na hifadhi. Mwaka 1928 usimamizi wa Kibra ukatoka jeshini ukaingia mikononi mwa watawala wa kiraia, nao wakaanza kuuliza watu hawa wako pale kwa haki gani. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, ikawaita wapangaji wa Serikali, watu waliokaa kwa hisani na wanaoweza kuondolewa. Yaani damu yote ile iliyomwagwa ikawa haitoshi hata kununua kiwanja. Mara kadhaa ikajaribiwa kuwahamisha, na kila mara wakakataa. Wenzao wa Pangani, kile kijiji kingine cha Nairobi kilichokaliwa na Waislamu na Waswahili wengi, hawakunusurika: kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakaambiwa waende Shauri Moyo. Anayetaka kujua Kibra ingelikuwaje na aende Pangani leo atafute jiwe moja la kijiji kile.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 hati haikuja nao. Ardhi ikawa ya Serikali, na watu kutoka mashambani wakaja kutafuta kazi mjini bila ya kupata pa kukaa. Wanubi wakajenga vyumba vya kupangisha, na wengine wasiokuwa Wanubi, wakiwa na idhini ya machifu na wakubwa, wakajenga vingi zaidi. Mashamba yakamezwa. Tusiwalaumu wapangaji. Mpangaji wa Kibra naye alikuwa mnyonge aliyekuja na mkoba wake, na hakuna aliyempa karatasi pia. Mwisho wa mwaka 2001, mzozo wa kodi ukawapambanisha wapangaji na wenye nyumba, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Wote wawili, aliyepanga na aliyepangisha, walikuwa wakigombania ardhi ambayo kisheria haikuwa ya yeyote kati yao.

Tukija kwenye hesabu, kwa miaka mingi ilisemwa Kibera ina watu milioni moja na zaidi, na waliosema hivyo wengi wao walikuwa wakitafuta misaada. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ikapata watu 170,070. Ni wengi kwa eneo lile, lakini si milioni. Katika hesabu hiyo hiyo Wanubi walihesabiwa kwa jina lao kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo walitupwa katika fungu la "wengineo", fungu ambalo wasomaji wetu wa pwani wanalifahamu vyema.

Kesi walizipeleka mbali. Mahakama za nyumbani zilipochelewa, wakaenda mbele ya vyombo vya Afrika. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto ikaamua kwamba watoto wa Kinubi wa Kenya wamenyimwa haki ya kutambuliwa uraia wao tangu kuzaliwa. Mwaka 2015 Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo ikawapa haki katika shauri la jamii nzima. Ndipo Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta akawakabidhi hati ya ekari 288, iliyoandikwa kwa jina la jamii yote na kuwekwa chini ya amana ili asiweze mmoja kuiuza.

Ekari 288 kutoka ekari 4,197. Haifiki saba kwa mia. Wapo waliosherehekea na wapo waliolia, na sisi twaona wote walikuwa na haki. Kwa upande mmoja, kwa mara ya kwanza tangu 1904 Mnubi ana karatasi ambayo si ya ruhusa. Kwa upande wa pili, karatasi hiyo imempa kivuli cha mti, shamba likaenda zake. Mwaka mmoja tu baadaye, Julai 2018, matingatinga yakaingia Kibera kutengeneza barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na watu wapatao 30,000 wakapoteza nyumba zao kwa muda mfupi, shule zikabomolewa watoto wakiwa katikati ya masomo. Barabara ni kitu kizuri. Lakini mtindo wa kubomoa kwanza na kuuliza baadaye nani alikuwa akikaa hapa ni ule ule wa Pangani.

Twaandika haya kwa wasomaji wa pwani kwa sababu. Sisi tulitungiwa Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, ikamtaka kila mtu katika ukanda wa maili kumi aende mwenyewe adai ardhi yake kwa maandishi, na asiyedai ikawa mali ya Serikali ya Mfalme. Wangapi walijua? Wangapi waliokuwa wakivuna minazi ya babu zao waliamka asubuhi wakaitwa maskwota? Kutoka Vanga hadi Kiunga hadithi ni hiyo. Kwa hivyo tunapomwona Mnubi na shamba pasi yake iliyochakaa mkononi, hatumtazami mgeni. Ni ndugu yetu katika dini na ni mwenzetu katika msiba, na yeye amefanya jambo ambalo wengi wetu hatujalifanya: amekaa pamoja na wenziwe, akashitaki kwa jina la wote, akapata hati kwa jina la wote. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imefungua mlango huo kwa kila jamii nchini. Vijiji vyetu vinavyogombana ndani kwa ndani juu ya nani awe mwenyekiti vingefaa kutuma wazee watatu Makina wakaulize jinsi ilivyofanywa, na pia makosa yaliyofanywa, kwani yalikuwako na Wanubi wenyewe hawayafichi.

Hali kadhalika twadai jambo kutoka kwa Serikali. Mji wa Lamu umeandikwa na UNESCO tangu mwaka 2001 na Fort Jesus, ile ya kwetu, tangu mwaka 2011. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo au mahali kuwa turathi ya taifa, na haikuandika kwamba lazima pawe na kuta za matumbawe au milango ya nakshi. Msikiti wa Makina na makaburi ya Kibra yastahiki kutangazwa. Nyumba chache za Kinubi za zamani ambazo bado zina ua na miti yake zistahiki kuhifadhiwa kabla mwenye nyumba hajalazimika kuzivunja ajenge ghorofa. Na majina ya kambi yaandikwe kwenye vibao vya barabara, Kambi Muru iandikwe Kambi Muru, kabla hatujaletewa majina ya wanasiasa.

La mwisho ni la watu wa kalamu na wa vyuo. Wazee waliosikia habari za Ikweta kutoka vinywani mwa babu zao waliokuwako wanapungua kila mwaka. Kinubi hakina maktaba. Maktaba yake ni hao. Kijana wa chuo kikuu atokaye Mombasa au Malindi kwenda Nairobi kusoma, mwenye Kiarabu kidogo na Kiswahili kingi, ana ufunguo ambao mgeni wa Ulaya hana. Matatu za Kibera zaondoka katikati ya mji mchana kutwa. Ateremke Makina, aswali alasiri pale, kisha atoe salamu na aombe ruhusa ya kukaa barazani. Achukue daftari.